Joto la Miguuni

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tulikuwa tunatoka Oxford kwenda Abingdon, safari ya kilomita kama kumi, asubuhi moja ya Januari. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu na koti la sufu nililomnunulia siku aliyofika kutoka Tanga, na magotini ametandika doti nzima ya khanga. Akanusa mara moja, akanusa tena. "Mwanangu," akasema, "humu ndani kuna kitu kitamu kinachemka." Nikamwambia ndivyo magari ya zamani yalivyo. Hatukufika mbali, kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu. Haukuwa ule wa pumzi unaofutika kwa kitambaa. Huu ulikuwa na utelezi wa mafuta, na kila nilipoufuta ulizidi kutanda. Tulipofika, mama akafungua mlango na kutoa miguu nje, nami nikaziona soksi zake, jozi mbili alizozivaa moja juu ya nyingine, zimelowa hadi vifundoni.

Hakulalamika. Alizivua, akazikamua kandokando ya barabara, akaniuliza kama kuna mahali pa kuzianika.

Gari hilo ni MGB GT ya mwaka 1972, la kijani, na nimekuwa nalo miaka minne. Nilikuwa nimempeleka mama Abingdon kumwonyesha mji lilikotengenezwa. Muda wote huo wa miaka minne nilijua kuwa hita yake ni dhaifu. Wakati wa baridi nilivaa glavu, nikafunga skafu shingoni, nikaendesha. Mtu akiwa peke yake huvumilia mengi ambayo hayakupaswa kuvumiliwa, na uvumilivu huo huupa majina mazuri: mapenzi ya gari la zamani, ukakamavu, hata heshima kwa waliolibuni. Soksi za mama zilipokuwa zinadondosha maji pale barabarani, majina yote hayo yaliniishia. Ilibaki kazi ambayo nilikuwa nimeiahirisha.

Sisi tuliokulia pwani tunaijua hita ya gari kama swichi isiyo na shughuli. Mimi niliifahamu mara ya kwanza kwenye mlima Kitonga, tukipanda kwenda Iringa na Peugeot 504 ya baba. Nilikuwa na miaka tisa. Malori yalitambaa mbele yetu, mshale wa joto ukawa unaukaribia mstari mwekundu. Baba akashusha vioo vyote, akafungua hita hadi mwisho, akawasha feni kwa nguvu zake zote. Jua la saa saba mchana, na upepo wa moto unatupiga miguuni! Mdogo wangu alilia. Baba akasema bila kugeuka, "Injini ina homa. Tuisaidie kutoa jasho." Mshale ukatulia, kisha ukashuka taratibu, tukafika juu bila kusimama.

Alichokifanya baba siku ile ndicho kiini cha chombo chenyewe. Hita ya gari kama hili haiwashi moto wowote. Petroli inapoungua ndani ya injini, sehemu isiyofika theluthi ya nguvu yake ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Inayobaki ni joto, na joto hilo lazima liondoke: sehemu yake hutoka na moshi kwenye ekzosti, sehemu nyingine hubebwa na maji yanayozunguka kwenye bloku na silinda hedi, yakaenda kupoozwa kwenye rejeta ya mbele. Hita huchepusha kidogo tu ya maji hayo. Kwenye MGB yanatokea koki iliyo nyuma ya silinda hedi, yanapita kwenye mpira, yanaingia kwenye rejeta ndogo ya shaba iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati, kisha yanarudi kwenye pampu kwa bomba jembamba linalopita ubavuni mwa injini. Hewa huingia kwenye matundu yaliyo mbele ya kioo, ikapenya katikati ya mapezi ya rejeta ile, ikamfikia aliyekaa. Abiria anaota joto ambalo injini ingelitupa njiani. Nikilifikiria hilo, naona hakuna zawadi ya bei nafuu kuliko hiyo katika gari zima. Ndiyo maana inanishangaza kwamba kuna wakati ilitozwa fedha za ziada.

Kweli ilitozwa. MGB ilipozinduliwa mwaka 1962 kwenye maonyesho ya magari ya London, hita haikuwa ndani ya bei. Mnunuzi aliyeitaka aliongeza fedha. Fikra za wakati huo nazielewa: gari la michezo lilikuwa la kijana mwenye koti la ngozi na kofia, hema limekunjwa nyuma, upepo usoni. Joto lilikuwa la magari ya familia. Lakini mwaka 1965 ikaja GT, yenye paa la chuma, mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na kiti kidogo cha nyuma ambacho mtoto anaweza kukaa. Gari lile likawa na watu. Na gari likishakuwa na watu, hesabu ya joto inabadilika, kwa sababu dereva ana usukani, gia na barabara vya kumshughulisha. Anayekaa pembeni hana cha kufanya ila kuisikia baridi.

Wako wenye MGB siku hizi wanaoing'oa hita, wakaziba matundu na kupunguza kilo chache. Kwa gari la mashindano siwezi kubishana nao. Kwa gari la kutembelea, hasa GT, nasema hiyo ni nyumba iliyoondolewa mafiga.

Nilimpigia simu mzee mmoja wa Unguja ambaye amefanya ufundi wa magari nchini humu tangu miaka ya 1960 na sasa amestaafu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Gari limefanya nini?" Anajua kuwa sipigi simu Jumatatu asubuhi kwa salamu tupu. Nikamweleza harufu, ukungu na soksi. Akanyamaza kidogo. "Hita hiyo," akasema, "waliitundika kwanza hewani, halafu wakaunda gari kuizunguka." Maneno hayo mafundi wa MG wamekuwa wakiyasema miaka nenda rudi. Mimi nilidhani ni utani wao. "Nakuja Jumamosi," akaongeza. "Usiguse kitu."

Abingdon walikuwa hawana mkanda wa mitambo unaojiendesha wenyewe. MG ilihamia pale mwaka 1929, kwenye majengo ya kiwanda cha ngozi, na hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980 magari yalikuwa yanasukumwa kwa mikono kutoka kituo hadi kituo. Bodi zilikuja zimeshapakwa rangi, injini zilitoka kwingine, watu wa pale wakaviunganisha. MGB zaidi ya 500,000 zilitoka hivyo, zote chini ya msingi aliouweka mhandisi wao Syd Enever. Wakati sanduku la hita linawekwa, pale mbele palikuwa wazi: hakuna injini, hakuna dashibodi, fundi anasimama wima na mikono yake yote miwili ina nafasi. Kila kilichofuata kilimfungia mlango fundi mwingine, ambaye angekuja miaka 50 baadaye. Sidhani kama yeyote kati yao alimfikiria. Gari lilitarajiwa kuishi miaka kumi, pengine kumi na tano.

Jumamosi mzee alifika saa mbili asubuhi na mkoba wake wa ngozi wa spana. Aliamkiana na mama mlangoni, wakaulizana za Tanga na za Unguja kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akaja gerejini, akavua pete na saa, akaviweka kwenye kikombe.

Tulianza na betri, kwa kuwa gari la mwaka huo lina betri mbili za volti 6 zilizozikwa nyuma ya viti. Tukamwaga maji kwa kuvuta mpira wa chini wa rejeta. Mzee aliniamuru nilifunike beseni mara moja: dawa ya kuzuia maji yasigande ni glikoli, ina utamu, na paka wa jirani akiilamba anakufa. Utamu huo ndio mama aliounusa. Kisha mipira miwili ya hita, iliyokuwa imeng'ang'ania kwenye midomo ya shaba. Mimi nilishika wa kwanza nikataka kuuvuta. Mzee akanizuia mkono, akachukua kisu, akauchana kwa urefu, ukafunguka wenyewe kama ganda la jugu. "Mpira unauzwa," akasema. "Huo mdomo hauuzwi."

Ndani ya gari kulikuwa na kazi ya kulala chali. Niliondoa konsoli ya katikati, nikafungua vifuniko vya hewa, nikaachia waya unaoendesha kilango cha kuchagua miguu au kioo, na ile mirija miwili inayopeleka hewa kwenye kioo cha mbele. Hayo yote yalichukua saa mbili, na hayana simulizi.

Skrubu za ukingo wa sanduku ndizo zenye simulizi. Sanduku limekaa kwenye rafu ya chuma, kwenye ukuta unaotenganisha injini na watu, na skrubu zinaushikilia ukingo wake pande zote. Zile za mbele zilitoka bila shida. Ile ya kona ya nyuma haionekani kwa jicho. Mzee aliipata kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, macho ameyafumba, uso ameuelekeza kwenye dari, na bisibisi fupi ameifuatisha kwenye kidole chake. Akazungusha robo, akatoa, akatafuta tena, akazungusha robo. Nilihesabu hadi robo ya ishirini na mbili nikaacha. Ilipodondoka hatukuisikia. Alifumbua macho tu, akasema, "Alhamdulillahi," akaomba chai.

Sanduku bado halikutoka. Gereji fulani iliyolishughulikia gari hili kabla yangu ilimimina gundi ya silikoni kuzunguka ukingo wote, kitu kisichotakiwa kuwa pale, nayo ilikuwa imeshika kama kucha. Tukaikata kidogo kidogo kwa waya mwembamba wa gitaa, mimi nikivuta upande huu, mzee upande ule. Saa kumi na nusu, giza la Januari linaanza kuingia, sanduku likainuka, likapinda upande, likatoka. Mahali lilipokuwa limekaa pakabaki tundu la mraba, na kupitia tundu lile niliona zulia la upande wa mama.

Tuliliweka juu ya gazeti mezani, tukalegeza klipu, tukalifungua.

Ningependa kila mwenye gari la zamani akione nilichokiona. Chini ya sanduku kulikuwa na udongo mweusi laini, wenye harufu ya shamba lililolowa. Yalikuwa majani. Majani ya vuli za miaka mingi yaliyoingia kupitia matundu ya mbele ya kioo, yakaoza, yakawa kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Gari lina mrija wa dreni unaotakiwa kuyatoa nje maji ya mvua yaingiayo mle. Nilipouchokonoa, ukatoka mzibo mzima wenye umbo la mrija wenyewe, urefu wa kidole. Kumbe maji yaliyolowesha soksi yalikuwa ya aina mbili, ya injini na ya mvua, na yale ya mvua hayakuhitaji spana hata moja kuzuiwa.

Kilichonigusa zaidi ni sponji. Rejeta ndogo hukaa ndani ya sanduku ikiwa imezungushiwa sponji, ili hewa isipate njia nyingine ila katikati ya mapezi ya shaba. Sponji ya gari hili ilikuwa imekwisha kuwa unga. Mzee aliigusa kwa ncha ya kidole, ikamwagika. Pembeni mwa rejeta pakawa na upenyo wa upana wa vidole viwili pande zote. Hewa ya baridi ilikuwa inaingia, inaona njia nyepesi, inapita pembeni ya moto na kuja miguuni baridi vilevile ilivyotoka nje. Miaka minne nilidhani gari langu lina joto kidogo. Joto lilikuwepo lote, kamili, maji yalikuwa yanafika pale yakiwa na nyuzi 80 na kitu, yakarudi kwenye pampu na joto lao bila kumfikia mtu. Nilikaa kwenye kigoda nikaiangalia ile rejeta kwa muda. Niliwafikiria watu niliowahi kukaa nao nyumba moja, wenye upendo usiohesabika, na hakuna aliyewahi kuuhisi, kwa sababu ya mwanya ambao hakuna aliyeinama kuuziba. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Ile siku ya Kitonga ndiyo mara pekee ninayokumbuka akisema "tuisaidie", kwa wingi.

Rejeta yenyewe tuliipima kwenye beseni la kufulia. Mzee aliziba mdomo mmoja kwa kidole gumba, akapuliza mwingine, nikaizamisha. Mapovu yakapanda, madogo, mfululizo, kama uzi wa shanga, kutoka kwenye tundu nisiloweza kuliona hata baada ya kuikausha. Niliuliza kama inaweza kulehemiwa. Akaikandamiza shaba kwa kucha pembeni ya tundu, ikabonyea. "Imekonda," akasema. "Ukiziba hapa, itatoboka hapo kesho kutwa." Nikaagiza mpya.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kazi ndogondogo za jioni. Nilikwangua kutu, nikapaka dawa na rangi nyeusi kwenye sanduku. Mota ya feni, yenye jina la Smiths lililochongwa ubavuni, niliipangusa na kuipa tone moja la mafuta kwenye shafti. Ikazunguka bila kelele ile ya kukwaruza niliyokuwa nimeizoea. Sponji mpya niliikata mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya pili nene mno. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango wa gereji, khanga mabegani. Alikuwa ameshona nguo za shule kwa miaka mingi Tanga, akaniambia niache kukata kwa kukisia, nitengeneze kwanza kipande cha karatasi. Cha tatu alikikata yeye.

Kurudisha kulihitaji watu wawili, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alinikataza kuanza peke yangu. Mmoja analishusha sanduku kutoka juu, mwingine yuko chali chini ya dashibodi akiongoza mirija ya kioo na ule waya wa kilango. Hawaonani. Kilichopo kati yao ni sauti tu. Mzee alikuwa juu. "Bado?" "Bado, mzee. Leta kulia kidogo." "Sasa?" "Bado… mrija wa kushoto umepinda… subiri… hapo!" Akaliachia, likakaa, na sanduku likasikika likigusa rafu pande zote kwa wakati mmoja, mgongano mdogo mzito. Skrubu ya kona ya nyuma aliniachia mimi. Ilinichukua dakika arobaini. Hakunisemesha hata mara moja.

Tukajaza maji na glikoli nusu kwa nusu, tukalipandisha gari pua juu kwenye mbao mbili ili hewa itafute njia ya kutoka, tukafungua koki yote, tukawasha injini. Mzee akanishika mkono, akauweka kwenye mpira wa kuingilia. Ulikuwa wa moto. Akauhamishia kwenye mpira wa kutokea. Ulikuwa baridi kama bomba la nje. "Hewa imenasa," akasema. "Minya." Nikauminya na kuuachia, nikauminya na kuuachia, huku nikisikia ndani yake maji yakigugumia. Kisha chini ya kiganja changu mpira ule ukaanza kupata uvuguvugu, taratibu, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hadi sikuweza tena kuushika.

Mzee alichukua pete na saa yake kwenye kikombe, akavivaa. Alikataa fedha. Alikubali kontena la vitumbua alilomfungia mama, na mlangoni akaniambia jambo moja: majani yakianza kuanguka, nisafishe dreni. Basi nami nakupa agizo hilo hilo, msomaji, kama una gari la aina hii. Fungua boneti kila mwezi wa kumi, tafuta ule mrija, uuchokonoe mpaka maji yapite.

Mama aliondoka siku kumi baadaye. Tulitoka Oxford saa kumi na moja alfajiri kwenda Heathrow, barafu imetanda kwenye vioo vya magari yote ya mtaani. Kabla hatujafika nusu ya njia alizitoa khanga magotini, akazikunja, akaziweka kwenye mkoba. Tulipofika, soksi zake zilikuwa kavu.